Mashuka Yafuliwe Mara Ngapi, na Aamue Nani?

Siku ya harusi padre huwauliza bwana na bibi arusi kama watapendana na kuheshimiana katika raha na katika taabu, katika afya na katika ugonjwa. Hawaulizi mashuka yatafuliwa mara ngapi. Wala katika semina za wachumba sijapata kulisikia swali hilo, na mimi mwenyewe nimesimama mbele ya wachumba wengi. Tunazungumza nao juu ya fedha, juu ya wakwe, juu ya malezi ya watoto na mambo ya chumbani. Kuhusu karai na sabuni tunanyamaza, kana kwamba nguo hujifua zenyewe usiku watu wakiwa wamelala.

Mpenzi msomaji, mwaka jana mama mmoja aliniandikia barua ya kurasa nne. Nilipofika ukurasa wa tatu ndipo nilipotambua kwamba ugomvi wote ulikuwa juu ya mashuka. Mama huyo ameolewa miaka 11, ana watoto watatu, na familia yake inakaa ghorofa ya nne katika mtaa mmoja wa mashariki mwa Nairobi. Yeye huuza dukani, mumewe ni fundi wa umeme. Wote wawili hutoka alfajiri na kurudi jioni. Mume alitaka mashuka ya kitanda chao yafuliwe mara mbili kwa wiki, taulo yake kila siku ya pili, na shati asilirudie hata mara moja. Anayefua ni mama, kwa mikono. Maji ya mfereji hufika mtaani kwao siku mbili tu kwa wiki, na hayana nguvu ya kupanda hadi ghorofa ya nne, kwa hiyo hubebwa kwa mitungi kupitia ngazi. Mama alimwambia mumewe kwamba mashuka yatafuliwa kila baada ya wiki mbili, basi. Mume akamjibu kwamba yeye hakulelewa katika uchafu, na kwamba hakujua anaoa mwanamke mchafu.

Neno hilo ndilo lililomketisha mama mezani kuandika. Mwishoni aliniuliza jambo moja tu: kati yao, nani mwenye haki?

Nakiri kwamba mwanzoni nilifanya kosa. Nilidhani ugomvi huu unahitaji idadi iliyo sahihi, na kwamba nikishaipata nitawaandikia na mambo yataisha. Nikaenda kwa muuguzi mmoja tunayesali pamoja, nikamuuliza kila kitu cha nyumbani kinapaswa kufuliwa mara ngapi. Alicheka kwanza, halafu akanieleza vizuri, na mengi aliyoniambia yanafaa kuandikwa hapa kwa sababu naamini si mimi peke yangu niliyekuwa sijui.

Kuna vitu ambavyo mwili wenyewe huviamulia. Nguo za ndani na soksi zikivaliwa mara moja zifuliwe. Nepi za mtoto hazingojei Jumamosi. Taulo inaweza kutumika mara tatu au nne hivi, mradi itandazwe ikauke kila baada ya kuoga, kwani kinachoivundisha ni unyevu, si hesabu ya siku. Taulo iliyotupwa nyuma ya mlango ikiwa mbichi hunuka siku ya pili hata kama mwenyewe ni mtu safi kiasi gani. Suruali nzito kama ya jinzi haina haja ya kufuliwa kila ivaliwapo. Mashuka na foronya ni wiki moja, na wanaooga kabla ya kulala wanaweza kufika wiki mbili bila madhara. Blanketi ni mara chache kwa mwaka.

Ugonjwa ukiingia, hesabu hiyo yote inavunjika. Upele ukimshika mtoto mmoja, mashuka, nguo na taulo alizotumia siku tatu zilizopita lazima zifuliwe kwa maji moto, na watu wote wa nyumba hiyo watibiwe kwa wakati mmoja, hata wasiojikuna. Mtoto mwenye pumu afuliwe matandiko kila wiki, kwa maana vijidudu vya vumbi tusivyoviona kwa macho hukaa humo, na maji ya nyuzi joto 60 huviua. Katika sehemu ambazo nzi hutaga mayai juu ya nguo zilizoanikwa, kupiga pasi si urembo, ni kinga, kwani funza wake huingia katika ngozi. Na mgonjwa asiyejiweza kitandani hufuliwa mashuka kila yanapochafuka, hata mara tatu kwa siku, na hapo hakuna anayehesabu.

Tena kuna kitu kimoja ambacho mtu msafi kupita kiasi hukiharibu kwa usafi wake, nacho ni chandarua. Vyandarua vyenye dawa ya kudumu, kama vile serikali yetu ilivyogawa bure kwa wingi mwaka 2006 na baadaye, vimetengenezwa ili dawa yake istahimili kufuliwa kama mara 20 na kutumika kwa miaka mitatu hivi. Mama anayekiloweka pamoja na mashuka kila wiki amekwisha kuyatumia maisha yake yote katika miezi mitano, na mbu hawana habari kwamba chandarua ni cheupe. Kifuliwe mara chache, kwa sabuni ya kawaida isiyo kali, kianikwe kivulini.

Basi nilirudi nyumbani na orodha yangu, nikaketi kumwandikia yule mama, nikaona hainisaidii hata kidogo. Mume anasema mara mbili kwa wiki. Mke anasema mara moja kwa wiki mbili. Tukiwaondolea ugonjwa, muuguzi hana ugomvi na yeyote kati yao. Hakuna atakayelazwa hospitalini kwa sababu shuka lilifuliwa siku ya 14 badala ya siku ya nne. Watu hawa walikuwa wakigombana katika uwanja ule ambao afya imenyamaza, na nilipofikiri zaidi nikaona kwamba ndoa nyingi hugombana huko huko. Palipo na hatari ya kweli, watu wawili wenye akili hukubaliana upesi. Hakuna baba anayebishana kuhusu nepi iliyojaa, ingawa anaweza kujifanya hajaiona.

Mtaalamu mmoja wa mila na desturi, Mwingereza Mary Douglas, ambaye alikuwa Mkatoliki na aliishi kwa muda na watu wa kabila la Lele huko Kongo, alitoa kitabu mwaka 1966 akieleza kwamba kitu huitwa uchafu kwa sababu kiko mahali ambapo watu wamekubaliana kisiwepo. Hebu fikiria udongo. Shambani unaitwa rutuba na tunaushukuru. Udongo huo huo ukiwa juu ya shuka ni uchafu na mtoto anachapwa. Kwa hiyo anayesema "hii ni chafu" hatoi habari ya shuka peke yake. Anasema pia mpaka uko wapi, na katika nyumba ya watu wawili inafaa tuulize ni nani aliyeuchora mpaka huo na ni nani anayeulinda kwa mikono yake.

Nilitaka kujua ulinzi huo una uzito gani. Jumamosi moja nilimwomba mama watoto aniachie mashuka yetu. Alinitazama sana, lakini aliniachia. Mashuka mawili na foronya mbili. Niliyaloweka, nikafua, nikasuuza mara mbili kama nilivyoelekezwa, na nilipomaliza nilikuwa nimetumia mitungi mitatu ya lita 20. Hizo ni kilo 60 za maji. Mimi nina mfereji uani, sikupanda ngazi hata moja. Yule mama wa ghorofa ya nne akifuata hesabu ya mumewe atapandisha mitungi sita kila wiki kwa ajili ya kitanda kimoja tu, kabla hajagusa sare za shule, kabla ya kupika na kuoga. Halafu kuna kukamua. Shuka kubwa linahitaji watu wawili, kila mmoja ashike upande wake wapindane. Mtu aliye peke yake hulizungushia mferejini na kulivuta. Viganja vyangu viliuma mpaka Jumatatu. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na mimi nilikuwa nimeyatazama kwa miaka 30 nikiwa nimeketi kwenye kiti nikisoma gazeti.

Hapo nikapata kile nilichodhani ni jibu. Niliona kwamba yako mambo ya lazima, ambayo wote wawili wanawiwa na mwili na watoto, nayo yagawanywe. Lakini anayetaka zaidi ya lazima, na abebe mwenyewe hiyo ziada. Kama baba anataka mashuka ya siku ya nne, karai liko pale. Nilimwomba mama ruhusa ya kuzungumza na mumewe, akakubali, wakaja wote wawili Jumapili moja baada ya Misa. Nilimweleza baba nilivyofikiri. Nilimwomba afue mashuka yeye mwenyewe kwa wiki nne, mara mbili kila wiki kama apendavyo, na kuyabebea maji.

Sitaficha nilichotarajia. Nilitarajia achoke. Nilitarajia kwamba wiki ya pili atasema mara moja kwa wiki inatosha, na ya tatu atamwomba mkewe msamaha, nami niandike hadithi hiyo katika ukurasa huu.

Hakuchoka. Ni mtu mwenye nguvu, hupanda ngazi na nyaya mabegani kila siku. Alifua mara zote nane, tena vizuri, akarudi kwangu akasema, "Mzee, nimeweza." Nikamwangalia mkewe nikidhani atafurahi, kwani sasa mzigo umemtoka. Alikuwa na hasira kuliko mara ya kwanza.

Nilimwuliza kwa nini. Akasema kwamba mitungi sita ya maji mumewe huitoa katika maji yale yale ya siku mbili. Siku mbili katika wiki hizo nne watoto walinawa uso na miguu tu wakaenda shuleni. Akasema kwamba kamba ya nguo iko juu ya paa na hutumiwa na familia 16, na mashuka ya mumewe yakishatandazwa, sare za watoto huanikwa ndani ya nyumba na hazikauki. Wakati huo ulikuwa Julai, na aliyekaa Nairobi anajua Julai ilivyo: mawingu asubuhi hadi jioni, nguo zikae siku tatu zikiwa na ubaridi, na zikikauka ziwe zimekwisha kushika harufu. Akasema pia kwamba majirani walimsifu mumewe. Wanawake wa ploti nzima walisema ana bahati ya mume. Yeye aliyefua miaka 11 hakuna aliyewahi kumsimamisha kwenye ngazi kumsifu.

Nilijifunza kwamba jibu langu lilikuwa nusu. Mtu anaweza kulipa kwa jasho lake mwenyewe na bado akawa anatumia kisicho chake peke yake. Maji ya nyumba ni ya nyumba. Hata ya jiji ni hivyo: Bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka 1994 ndilo linaloinywesha sehemu kubwa ya Nairobi, na lilipopungua mwaka 2017 mgao uliingia hata mitaa ambayo haikuwahi kuona mfereji mkavu. Anayefua mara mbili kwa hiari yake amechukua sehemu ya mwingine asiyeonekana. Sisemi kwamba ametenda dhambi. Nasema tu kwamba "nafua mwenyewe" si neno la mwisho.

Baba alikuwa na wazo jingine, na nadhani wasomaji wengi wamekwisha kulifikiria: tumlipe mama fua. Ni wazo zuri na familia nyingi huishi kwa kazi hiyo. Lakini ugomvi hauishi kwa kumwita mtu wa tatu, huhamia mgongoni mwake. Mama fua naye ana kitanda kwake, na hatujiulizi mashuka yake hufuliwa saa ngapi ikiwa kutwa nzima yuko kwenye makarai yetu. Nimeona nyumba ambazo zilipoanza kumwita, nguo zilizokuwa zikivaliwa mara tatu zikawa za mara moja, kwa sababu tu mikono inayofua si ya mwenye nyumba. Anayemwita apatane naye kabla maji hayajamwagwa, amlipe kwa kadiri ya nguo zilizopo na si kwa jinsi anavyoonekana ana shida, ampe maji ya vuguvugu wakati wa baridi na chai saa nne. Nguo za ndani asipewe kabisa. Hizo kila mtu mzima afue zake jioni akioga, baba na mama, na mtoto wa kiume akifika darasa la nne aanze na soksi zake.

Walipokwenda kuuliza bei, baba alipunguza hesabu yake siku hiyo hiyo. Kubeba mitungi hakukumtisha, lakini shilingi zilimtisha. Mkewe aliniambia jambo hilo bila kucheka. Kumbe alipokuwa akifua yeye, kazi hiyo haikuwa na bei.

Sasa nirudi kwenye neno lile, kwa maana mama hakuniandikia kwa sababu ya maji. Katika nyumba zetu usafi una jina la mwanamke. Jumuiya ikipangiwa kusali nyumbani kwako, vitambaa vya viti hufuliwa usiku kucha, mapazia hushushwa, na hata blanketi ambalo hakuna mgeni atakayeliona huanikwa nje. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika jambo hili mwenyeji hulala saa nane. Kwa nini? Kwa sababu kitambaa cha kiti kikiwa na doa, wageni hawamfikirii baba. Watasema mama wa nyumba hii ni mchafu, na baba watamwonea huruma. Mume akilitamka neno hilo hilo ndani ya nyumba, amejiunga na wageni. Amesimama mlangoni pamoja nao akimtazama mkewe. Nilimwambia hivyo, kwa maneno makali kidogo kuliko haya, naye alinyamaza muda mrefu.

Lakini ili niwe wa haki, mama naye aliniambia kitu ambacho hakukiandika katika kurasa zake nne. Baada ya kuitwa mchafu, aliyaacha mashuka wiki tano. Hakusahau. Kila jioni aliyaona, kila jioni aliyatandika vizuri na kulala juu yake, akingoja mumewe aseme neno ili apate la kujibu. Mume hakusema, naye alikuwa akingoja. Wiki tano watu wawili wazima walilala kwenye vita hiyo, na watoto walijua, kwani watoto hujua. Silaumu upesi mtu aliyetukanwa. Hata hivyo kuna akina mama wengi wanaosema kwa sufuria, kwa chumvi na kwa mashuka yale waliyoshindwa kuyasema kwa mdomo, na ubaya wa lugha hiyo ni kwamba mwingine anaweza kudai hakusikia.

Nilikuwa nimebaki na swali moja ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. Nilimwuliza baba, hiyo mara mbili kwa wiki umeitoa wapi? Alishangaa kama niliyemwuliza kwa nini jua hutoka mashariki. Kwa mama yangu, alisema. Kwetu Murang'a tulikuwa watoto sita na mashuka yetu yalifuliwa Jumatano na Jumamosi bila kukosa, na mama alikuwa hana mashine wala mtu wa kumsaidia. Niliona hapo ndipo jambo lote lilipofungwa. Kila mke wake alipofua mara moja, alikuwa akilinganishwa na mwanamke wa Murang'a ambaye hakuwa na habari. Nikamwambia, ukienda nyumbani muulize mama yako aliwezaje.

Alikwenda mwezi uliofuata. Alimkuta akichambua maharagwe, akamwuliza. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Akamwambia kwamba hakuwa na desturi yoyote ya kufua mara mbili. Katika watoto sita mmoja wao alikuwa kikojozi, na aliendelea kukojoa kitandani hata alipokuwa mkubwa wa kwenda shule. Shuka lake likifuliwa peke yake na kuanikwa peke yake, wenzake waliopita njiani kwenda shuleni wangeliona na kulijua ni la nani. Kwa hiyo mama aliyafua yote, ya watoto wote sita, na kuyatandaza yote kwenye ua, ili hata ndugu zake wasiweze kumcheka. Mto Mathioya ulikuwa chini ya shamba lao, maji hayakuwa shida. Mtoto yule alipopona, mama alirudi kwenye desturi yake ya zamani, kufua panapokuwa na nafasi. Watoto walikuwa wamekwisha kukariri Jumatano na Jumamosi.

Mwanawe alimwuliza kikojozi alikuwa nani. Mama alikataa. Alisema amelinyamazia jambo hilo zaidi ya miaka 30 na hawezi kuanza kulisema leo.

Baba huyu aliponisimulia alikuwa anatabasamu, lakini si sana. Aliniambia kwamba njiani kurudi Nairobi alijaribu kukumbuka ni yupi kati yao, na kwamba hana hakika kwamba hakuwa yeye. Alikuwa amebeba hesabu ya mama yake akaileta ghorofa ya nne, akauacha mto Murang'a, na sababu pia akaiacha huko bila kuijua. Miaka 11 alikuwa akimpima mkewe kwa kipimo ambacho mama yake alikitumia kumfunika mtoto aibu.

Sijui alimwambia nini mkewe usiku huo, wala sikuuliza. Najua walichopatana, kwa kuwa waliniletea wenyewe. Mashuka ni kila Jumamosi wakati wa joto, kuanzia Januari hadi Machi, na kila baada ya wiki mbili wakati wa baridi. Wanafua pamoja, kwa kuwa kukamua ni kazi ya watu wawili. Mumewe ndiye mwenye maji ya ngazi. Taulo zinatandazwa dirishani, na yeyote atakayeitupa yake mlangoni ikiwa mbichi atajifulia. Shati la kazi hufuliwa kila siku, kwa sababu fundi hutoka jasho na mama mwenyewe alikubali kwamba hapo mumewe alikuwa na haki tangu mwanzo. Mama fua huitwa mara moja kwa mwezi kwa blanketi na vitambaa vya viti, na watoto wawili wakubwa wamepewa soksi zao na beseni dogo.

Hayajawa mazuri yote. Baba huyanika mashuka yakiwa yamekunjwa mara nne ili yasichukue kamba nyingi, kwa sababu ya yale aliyoambiwa kuhusu majirani, na hivyo hayakauki katikati. Mama hupanda paani akishaondoka, akayatandaza upya. Ameniuliza kama amwambie au anyamaze. Nimemjibu amwambie, tena akiwa anacheka.

Katika barua hiyo hiyo ameuliza pia mapazia yafuliwe mara ngapi kwa mwaka. Nilimwandikia kwamba kwetu hufuliwa kabla ya Krismasi na kabla ya Pasaka. Mama watoto aliusoma ukurasa huu kabla sijaupeleka, akaniambia nimekosea. Ni Krismasi tu, na mwaka jana hayakufuliwa kabisa.